Amesema Nini, na Ana Maana Gani? Tamathali za Semi Katika Vikao Vyetu



Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa kwenye baraza moja upande wa Kitale, mahali ambapo barabara ya kwenda sokoni ilikuwa imetengenezwa kwa pesa za umma. Kutengenezwa ni neno la heshima tu. Mkandarasi alipitisha greda mara moja, akamwaga murram lori chache, akaenda zake. Mvua ya Aprili ikaja, barabara ikawa mto. Sasa afisa akatumwa kusikia maoni ya wananchi. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema polepole:

"Afisa, sisi tunashukuru sana kwa hii barabara. Zamani mama zetu walikuwa wanaenda mbali kuchota maji. Siku hizi wanachota hapa hapa njiani. Hata bata wetu wamenenepa. Mwambie mkandarasi asitusahau."

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Karani wa mkutano, kijana mgeni katika sehemu ile na mwenye bidii ya kuandika, hakucheka. Aliandika. Tulipokuja kuziona kumbukumbu za mkutano ule zilikuwa zimepigwa chapa vizuri kabisa: wananchi wametoa shukrani kwa barabara, wameeleza kwamba imerahisisha upatikanaji wa maji, wameomba mkandarasi aendelee na kazi.

Tungependa kusema mambo yaliishia kwenye kicheko, lakini hapana. Wawakilishi wa kijiji walipopeleka malalamiko baadaye, walifunguliwa faili wakaonyeshwa karatasi. "Si ni nyinyi mlisema mmeridhika?" Msimu mzima wa mvua ulipita hivyo. Akina mama waliokaribia kujifungua walibebwa kwenye machela ya miti kupita yale matope, na magunia ya mahindi yalilala nyumbani huku bei ikishuka sokoni.

Sasa kosa lilikuwa la nani? Mzee alisema ukweli. Karani naye aliandika kile alichosikia. Kilichopotea kati yao ni kitu ambacho walimu wa Kiswahili wanakiita kinaya, yaani kusema kinyume cha kile unachokusudia, ukitegemea kwamba anayekusikia anaijua hali ilivyo. Kinaya kinaishi kwenye sauti, kwenye uso, na kwenye yale ambayo wote mliokaa pale mnayajua. Ukikitoa hapo ukakiweka kwenye karatasi bila maelezo, kinakufa, tena kinageuka kuwa uongo. Karani angeandika tu: "Mzee alilalamika kwa kinaya kwamba maji yanatuama barabarani." Maneno machache tu hayo. Na barabara pengine ingerekebishwa.

Ndiyo maana tumeona tuandike juu ya tamathali za semi, ingawa wengine mtashangaa ukurasa wa maendeleo unatafuta nini darasani. Tamathali za semi ni maneno yanayotumiwa nje ya maana yake ya kila siku ili kuleta picha, uzito, utani au heshima. Mtoto wa Kidato cha Tatu anarudi nyumbani na orodha: tashbihi, istiari, tashihisi, tafsida, chuku, kinaya, takriri. Anazikariri kama majina ya dawa, kwa sababu Karatasi ya Tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ni ya fasihi na anajua ataulizwa. Mama yake, aliyesoma ngumbaru peke yake, anamtazama na kuona hayo ni mambo ya wasomi. Kumbe asubuhi ile ile alimwambia hivi: "Wewe unalala kama gogo! Jua limeamka kabla yako. Nani atakamua ng'ombe, paka?" Katika pumzi moja, kabla hata chai haijachemka, mama amemaliza tashbihi (kama gogo), tashihisi (jua kupewa tabia ya mtu ya kuamka) na swali la balagha, yaani swali lisilongoja jibu. Mtoto angemsikiliza mama yake kwa makini angefaulu mtihani.

Hizo tatu hazina taabu, wala tanakali za sauti hazina taabu, kama mtu anayesema mlango umefungwa pa! au mvua imenyesha chwaa! Takriri ni kurudia neno kwa makusudi, na kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kampeni anaijua mpaka masikioni. Tuziache tuende kwenye zile zinazotuletea kazi.

Tuanze na istiari. Tashbihi husema fulani ni kama simba. Istiari huondoa "kama" ikasema fulani ni simba. Hilo "kama" ni neno dogo lakini linaacha mlango wazi: anafanana na simba, lakini si simba. Ukiliondoa, umeufunga mlango. Mara nyingi hakuna ubaya. Tukisema mama fulani ndiye nguzo ya jumuiya, hakuna atakayemwekea paa kichwani. Lakini kuna istiari ambazo sisi watu wa sehemu hizi tumezilipia kwa damu, na lazima tuziseme.

Watu wa Trans Nzoia na Bungoma ni wakulima. Ukisema magugu, hakuna anayehitaji kamusi. Kila mtu anajua gugu hufanywa nini: hung'olewa na mizizi yake, hutupwa pembeni likauke. Sasa mtu akisimama jukwaani akasema katika eneo letu kuna magugu, hana haja ya kuendelea. Hajasema wafukuzeni. Hajasema chomeni nyumba. Lakini jembe tayari liko mkononi mwa msikilizaji. Hapo ndipo nguvu ya istiari ilipo. Inapomwita mtu kitu fulani, inakuja pamoja na yale ambayo kitu hicho hufanyiwa. Mende hukanyagwa. Nyoka hupigwa kichwa. Doa hufuliwa mpaka litoke.

Na hapa tunafika kwenye neno "madoadoa". Kwa miaka mingi limetumiwa katika siasa za Bonde la Ufa kumaanisha watu wa makabila mengine wanaoishi katikati ya wengi. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Nandi, yalifika kwetu Trans Nzoia na Mlima Elgon katika miezi iliyofuata. Wazee wa Endebess hawahitaji kusimuliwa. Walilala nje na watoto wao. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ukawaka tena nchini, na Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Bunge likapitisha mwaka 2008 Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ambayo inafanya maneno ya chuki kuwa kosa, na ndiyo iliyozaa tume tunayoijua kwa herufi za NCIC. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka neno madoadoa mbele ya mkutano Eldoret. Alikamatwa, akaomba radhi, akasema hakukusudia kabila lolote. Aprili mwaka huo huo NCIC ikatoa orodha ya maneno ya chuki, na madoadoa likawekwa humo, pamoja na mende.

Mende nalo lina historia yake. Mwaka 1994 redio ya RTLM kule Rwanda iliwaita Watutsi "inyenzi", maana yake mende, siku baada ya siku, huku mauaji yakiendelea. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu, wawili wa redio hiyo na mmoja wa gazeti.

Mtu anaweza kujitetea kwa kusema, "Mimi nilisema doa tu, sikutaja mtu." Ni kweli, hakutaja. Istiari inampa mahali pa kujificha, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuitumia. Vijana wetu wanapotuuliza watajuaje kama maneno ya mkutano ni siasa ya kawaida au ni hatari, sisi huwaambia wajiulize jambo moja tu: hicho kitu walichofananishwa nacho watu, kwa kawaida hufanywa nini? Jibu likiwa ni kuua, kung'oa, kufagia au kufua, basi shika njia urudi nyumbani, na ukiweza umwambie chifu na wazee wa amani wa pande zote mbili usiku huo huo.

Hata majina yana kazi ya namna hii. Walimu wana neno majazi, yaani kumpa mhusika jina linalolingana na tabia yake, na wakati mwingine jina linapingana na tabia, kikawa kinaya. Machi 2008 jeshi lilipopelekwa Mlima Elgon kupambana na kundi la SLDF, ambalo lilikuwa limeua na kukata watu masikio tangu 2006, operesheni ile iliitwa Okoa Maisha. Wako waliookolewa kweli, na wanasema hivyo mpaka leo. Lakini mwaka huo huo mashirika ya haki za binadamu, likiwemo Human Rights Watch, yaliandika habari za wanaume kuteswa na wengine kupotea wasionekane tena. Kuna wajane mlimani ambao ukiwatajia jina hilo hunyamaza tu. Wengine hucheka kicheko kile kisicho na furaha.

Sasa tuje kwenye tafsida, na tunaomba wasomaji wetu, hasa wahudumu wa afya wa kijiji na viongozi wa akina mama, wasome hapa polepole.

Tafsida ni kuchagua neno laini badala ya neno kali. Ni sehemu ya adabu yetu. Hatusemi mzee amekufa, tunasema ametuacha au ametutoka. Hatusemi mama amezaa, tunasema amejifungua. Anakwenda haja. Ni mja mzito. Hajaona mwezi. Mtu asiyejua tafsida katika nyumba za watu anaonekana hakulelewa, na mfanyakazi wa jamii wa namna hiyo hatafunguliwa mlango mara ya pili. Tunaipenda tafsida.

Lakini tafsida inaweza kuficha jeraha. Tulikuwa tunamtembelea kijana mmoja aliyekonda, na familia ilisema kila mara kwamba "ana kifua". Mhudumu akaandika kifua. Zahanati ikatoa dawa ya kikohozi. Wiki zikapita. Kwa mama yake, "kifua" lilikuwa neno la kufunika kifua kikuu, na kifua kikuu nacho kilikuwa neno la kufunika jambo la tatu ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja. Ukimwi uligunduliwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1984, ukatangazwa janga la kitaifa Novemba 1999, na katika miaka hiyo yote uliitwa mdudu, ugonjwa wa kisasa, amekanyaga waya, na majina mengine mengi, ilmradi usitajwe. Tunaelewa kwa nini. Jina halisi lilimfukuzisha mtu kazi na kumnyima mke shamba la mumewe. Lakini mhudumu anayeandika tafsida kwenye fomu ya hospitali ni kama anayepeleka barua bila anwani. Kijana yule alipopimwa hatimaye na kuanza dawa alikuwa amebaki mifupa. Leo analima. Wako wengine ambao neno lilifika baada yao.

Jambo zito zaidi ni la watoto. Mtoto aliyedhulumiwa kimwili hana maneno ya daktari wala ya wakili, na hata angekuwa nayo asingeyasema mbele ya watu wazima. Husema, "Alinifanyia tabia mbaya." Basi. Hayo tu. Na watu wazima wanaosikia wanajua, lakini wanajifanya hawajui, kwa sababu "tabia mbaya" inaweza pia kuwa kutukana au kuiba sukari. Wakili wa mshtakiwa anaweza kusimama aseme mtoto hakueleza kosa lolote. Jambo hili lilifika mpaka Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2017 majaji walieleza kwamba ni kawaida kwa mtoto kuona aibu na kutumia maneno ya kufunika, na kwamba mahakama za nchi hii zimekuwa zikiyakubali maneno kama hayo, na hili la "tabia mbaya" wakalitaja mfano wake kutoka kesi ya jirani zetu Kapenguria. Maana yake ni kwamba tafsida ya mtoto ni ushahidi. Hebu fikirini, wasomaji: somo la kidato limebeba maisha ya mtoto.

Kwa hiyo mtoto akikuambia, usimsahihishe. Usimpe neno lako la watu wazima. Andika maneno yake yalivyo, katika lugha ile ile aliyoitumia, iwe Kiswahili, Kibukusu au Kisabaoti, uandike na siku na saa. Mpeleke hospitali mara moja, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifai zikipita saa 72. Polisi na afisa wa watoto wajulishwe, na nambari 116 ya watoto inapigwa bila malipo. Halafu uwe macho na tafsida za watu wazima zitakazofuata. Zitakuja tu. "Wameelewana." "Tumeyamaliza kinyumbani." "Wazee wameketi." Kila moja ni tamu masikioni, na kila moja maana yake ni kwamba kuna mbuzi au ng'ombe aliyebadilisha zizi, na mtoto amebaki na mzigo wake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haitambui wazee kuketi. Tunajua kuna wasomaji watakaokasirika tukisema hivi, kwa kuwa wazee wetu wamesuluhisha mambo mengi makubwa. Mipaka ya shamba, ndiyo. Hili, hapana.

Tafsida za rushwa tunazijua wote hata hazihitaji maelezo. Chai. Kitu kidogo. Mwanamuziki Eric Wainaina aliimba juu ya nchi ya kitu kidogo mwaka 2001, na mpaka leo neno halijastaafu. Lile linalotuchosha sisi katika kazi ni "gari halina mafuta". Mtu anaona haya kusema nipe hongo, lakini hana haya kusema gari halina mafuta, na mama aliyepigwa anatoa mia tano aliyowekea unga. Labda mkitaka kujua jinsi lugha inavyotufichua, angalieni kitenzi kula. Tunakula chakula, ndiyo, lakini tunakula pia rushwa, njama, kiapo, hasara, na hata uchaguzi ukifika tunaambiwa ni zamu yetu kula. Ni kama lugha yenyewe ina tumbo.

Methali ni nyingine inayopendwa kwetu. Mtu akitoa methali kikaoni, watu huitikia kwa kichwa na mjadala unakwisha. Hapo ndipo penye shida. Methali ni maneno ya kweli lakini si ya kila mahali. Ndiyo maana tunazo zinazopingana waziwazi: haraka haraka haina baraka, na hapo hapo, ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga hawakuchanganyikiwa. Walijua kuna siku ya kungoja na siku ya kukimbia. Tumesikia mama aliyevunjwa mkono na mumewe akiambiwa mvumilivu hula mbivu. Tumesikia pia mgombea akiambiwa mkono mtupu haulambwi, na kura za kijiji kizima zikauzwa kwa sukari na sabuni. Kikaoni kwetu sasa tuna desturi. Mtu akitupa methali, mwenyekiti anauliza kwa upole kama kuna mwenye methali ya upande wa pili. Karibu kila mara yupo. Mjadala unafunguka tena, na bibi wengine tuliodhani wamesinzia ndio wanaotoa kali kuliko zote.

Anayetaka kusikia mafumbo yakitumiwa na fundi hasa, basi akihudhurie kumuse kwa Wabukusu. Siku chache baada ya kumzika mzee wa heshima, mnenaji huitwa, aliyepewa kazi hiyo kwa ukoo na kipaji, si kwa kujitolea tu. Watu huketi, yeye husimama peke yake uwanjani na fimbo yake, akitembea kwenda na kurudi, akisimulia ukoo wa watu, akikanya, akifariji. Marehemu mzee Manguliechi alijulikana Bungoma nzima kwa kazi hii, na wasomi wa vyuo wamekaa na kurekodi na kuandika juu ya maneno yake. Mnenaji wa kumuse hamtaji mwizi kwa jina. Anazungumza juu ya fisi, au juu ya mti uliooza ndani, na mwenyewe anajijua. Vijana wetu waliozaliwa mjini Kitale wakienda huko husema hawaelewi kitu. Tunawaambia kaeni karibu na shangazi, mwulizeni taratibu, mtaelewa nusu. Hata nusu si haba.

Karibu na fumbo kuna mfano, yaani hadithi inayosimuliwa ili msikilizaji ajione ndani yake. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka nabii Nathani na Mfalme Daudi. Nathani hakumwambia mfalme umemchukua mke wa mtu ukamuua mumewe. Alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja. Mfalme akawaka hasira, akatoa hukumu. Baada ya hukumu ndipo akaambiwa mtu mwenyewe ni nani. Ufundi uko hapo: hukumu imeshatoka kinywani mwake, hawezi kuimeza tena.

Katika miaka ya 1970 Anne Hope na Sally Timmel walipoanzisha hapa Kenya mafunzo ya DELTA, wakifuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazil, walitumia njia ya jamaa yake: mchezo mfupi au picha inayoonyesha shida bila kuitatua, halafu maswali. Mmeona nini? Kwa nini hutokea? Hapa kwetu hutokea? Wengi wetu katika kazi hii tumelelewa na njia hiyo na bado tunaitumia.

Tukiri lakini kwamba haifui dafu kila siku. Chama kimoja cha akina mama kilikuwa na mweka hazina aliyekuwa "akiazima" pesa za kikundi. Hawakutaka kumwaibisha. Tukaandaa mchezo juu ya kuku aliyepewa kulinda mahindi ya wenzake. Kila mtu alielewa, chumba kizima kilikuwa kinamtazama kwa pembe ya jicho. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema huyo kuku achinjwe, akaenda nyumbani na ufunguo wa sanduku. Wiki iliyofuata ilibidi mwenyekiti aseme wazi, bila kuku: dada yetu, pesa ziko wapi? Zikarudi nusu. Tangu siku hiyo tunapoandaa mchezo tunapanga pia nani atasema wazi ikishindikana.

Chuku hatutaiongelea sana. Ni kutia chumvi kupita kiasi, na inatambulika mradi msikilizaji hana njaa. Wakala wa mbegu za barabarani anayekuambia utavuna mpaka ukose pa kulala anapiga chuku, na sisi wa Kitale, mji wenye kampuni ya mbegu tangu 1956, tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Bado kila Machi kuna anayenunua mbegu kwenye mfuko usio na lebo. Mbegu za aina hiyo hazijui chuku wala kinaya. HaziotI tu.

Tuongeze na hili la kuchanganya ndimi, ambalo walimu pia huliweka kwenye orodha ya mbinu. Mtu anaanza kwa Kiswahili, anaingia Kibukusu, anamalizia kwa Kiingereza cha redioni. Sisi tunaona angalau jambo moja la kuchunga: angalieni mtu anabadilisha lugha wapi. Mzee aliyekuwa anazungumza Kiswahili mbele ya watu wa makabila yote, akiingia ghafla kwenye lugha ya nyumbani kwa sentensi mbili halafu akarudi, mara nyingi hizo mbili ndizo alizokuja kusema. Karani aziombe tafsiri hapo hapo, kabla ya mkutano kufungwa.

Jumuiya ambazo zingependa kufanya zoezi hili, lifanyeni hivi. Chukueni kumbukumbu za mkutano wenu wa mwisho, mzisome kwa sauti mbele ya wale wale waliozungumza, na kila mmoja aseme kama ndivyo alivyokusudia. Msishangae mkikuta mengi si hivyo. Andikeni marekebisho, wenye maneno watie sahihi au kidole.

Tulilifanya wenyewe kule kwenye barabara. Mzee yule yupo bado, kofia ile ile. Tulimsomea kumbukumbu za zamani, neno kwa neno, mpaka pale pa upatikanaji wa maji. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Huyo kijana aliandika vizuri sana," akasema. "Apandishwe cheo."

Karani mpya, binti aliyekuwa ameketi pale na kalamu juu ya karatasi, akatutazama kwanza sisi, halafu akamgeukia mzee. "Guka," akauliza, "hiyo ni kinaya?"